Rangi Tatu Katika Maji Mamoja: Namna ya Kupima Kama Zinaendana

Kitambaa cha kaki cha sare za shule hupatikana kwa kuchanganya rangi tatu: manjano kwa wingi, nyekundu kidogo, na buluu kidogo zaidi. Kompyuta ya maabara husoma sampuli ya mteja na kutoa asilimia ya kila rangi, na kipande kinachopikwa kwa fomula hiyo aghalabu hulingana na sampuli. Hata hivyo, kulingana huko hakutuonyeshi kila rangi iliingiaje kwenye pamba, ilhali hilo ndilo litakaloamua kama majora ya leo yatafanana na ya mwezi ujao.

Nazungumzia rangi riaktivu, yaani zile zinazoungana kikemia na nyuzi za pamba, ambazo kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuziuza mwaka 1956. Kazi ya rangi hizo huenda kwa hatua mbili. Kwanza chumvi huisukuma rangi itoke kwenye maji na kuingia kwenye kitambaa. Kisha huongezwa magadi soda, ya aina ile inayotolewa Ziwa Magadi nchini Kenya, ili rangi ishike. Rangi ambayo haikushika kwenye pamba huungana na maji yenyewe, na hiyo lazima itolewe kwa kuoshwa kwa sabuni katika maji yanayochemka, la sivyo itachuja nyumbani kwa mnunuzi. Kila rangi ina mwendo wake katika hatua zote mbili, na rangi zinazoendana ni zile zenye mwendo unaokaribiana.

Jaribio ninalolitegemea zaidi ni rahisi, ingawa linadai uvumilivu. Naandaa vyungu kadhaa vya maabara vyenye mchanganyiko uleule, uzito uleule wa kitambaa na maji yaleyale kwa uwiano wa 1:10, yaani kilo moja ya kitambaa kwa lita kumi za maji, kisha navipasha vyote kwa pamoja hadi nyuzijoto 60. Chungu cha kwanza nakisimamisha baada ya dakika chache za chumvi tu, kinachofuata kabla tu ya magadi kuingia, na vilivyobaki kwa kupishana dakika 5, 10, 20, 40 na 60 baada ya magadi. Wapo wanaotumia chungu kimoja na kuchomoa vipande kimoja kimoja; mimi siipendi njia hiyo kwa rangi riaktivu, kwa sababu kila kipande kinachotoka hubadilisha uwiano wa maji na kitambaa kilichobaki, na mwishoni mtu hajui anapima rangi au anapima upungufu wa kitambaa.

Vipande vikishakauka huvipanga mezani kwa mfuatano, chini ya taa inayoiga mwanga wa mchana. Mchanganyiko mzuri huonyesha rangi moja inayozidi kukolea: kaki hafifu, kaki, kaki iliyokolea. Mchanganyiko mbaya huanza na manjano ya wazi, hupita kwenye kahawia, na kufika kwenye kaki dakika za mwisho kabisa. Jicho hutosha kuligundua hilo, lakini spektrofotomita, yaani kifaa kinachopima rangi kwa namba, huniwezesha kuandika ni kwa kiasi gani rangi imepotoka katika kila hatua. Pamoja na vipimo hivyo naangalia muda ambao kila rangi, ikiwa peke yake, hufikia nusu ya kiwango chake cha kushika. Rangi inayofika hapo chini ya dakika 10 hunitia wasiwasi hata kama wenzake wana kasi hiyohiyo, kwa kuwa haimpi mwendesha mashine nafasi ya kusawazisha, na kitambaa huweza kutoka na mabaka.

Mfano ninaoutumia kuwafundisha mafundi wapya ni kijani kinachotokana na manjano na feruzi, yaani buluu inayoelekea kijani, iitwayo Reactive Blue 21. Molekuli ya feruzi hiyo ni kubwa, hupenya polepole, na hushika vizuri zaidi karibu na nyuzijoto 80. Katika nyuzijoto 60 manjano hutangulia, na kijani huelekea ubuluu kadiri dakika zinavyopita. Kuchelewa kidogo kwa mvuke, au joto kupungua upande mmoja wa mashine, hutosha kutoa kijani kingine kabisa. Mtu akiitazama fomula peke yake hataliona hilo.

Kwa akriliki, nyuzi bandia ya masweta mengi ya shule, mambo ni tofauti. Humo nafasi za rangi kushika zina kikomo, hivyo rangi hushindania nafasi, na mwendo wa rangi ikiwa peke yake hautabiri mwendo wake ikiwa na wenzake. Kwa hiyo rangi za akriliki hupewa namba kuanzia 1 hadi 5, inayopatikana kwa kuzichanganya na rangi tano za kipimo. Yenye 1 hutangulia kuingia, yenye 5 huja mwisho, na zenye namba inayofanana huenda pamoja.

Bado kuna jua. Jaribio la kimataifa la mwanga, ISO 105-B02, hutoa alama 1 hadi 8, ambapo 8 ndiyo inayostahimili zaidi, na majedwali ya wauzaji kwa kawaida huonyesha alama ya rangi ikiwa peke yake na ikiwa imekolea. Katika kaki, buluu huenda ikawa asilimia 0.1 tu ya uzito wa kitambaa, na rangi hafifu kiasi hicho hupauka upesi kuliko jedwali linavyoahidi. Tena zipo rangi zinazoharakisha kupauka kwa jirani zake. Buluu ikitangulia kuondoka, mabega ya shati huwa mekundu ilhali sehemu iliyo chini ya ukosi inabaki kaki. Ndiyo maana huupima mchanganyiko wenyewe, kwa ukolezi utakaotumika kiwandani, kabla fomula haijatoka maabara.