Kusi Ndiyo Baridi ya Paka wa Lamu

Wanaolisha paka wa mitaani Ulaya huogopa theluji. Sisi Lamu tuna kusi, yaani upepo wa kusini, na masika. Kuanzia Aprili bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki, na paka waliozoea vichwa na matumbo ya samaki hushinda na njaa huku mvua ikiwanyea. Kazi yangu ni kutibu wanyama, na msimu huu ndio vijana wa Mkomani na Langoni huniletea watoto wa paka walioloa chapachapa. Nawaandikia wao.

Tuanze na mwanga wa jua. Paka jike huingia kwenye joto, yaani hutaka dume, mchana unaporefuka. Katika nchi za kaskazini, siku fupi za majira ya baridi humpumzisha, na wanaomtunza nao hupata nafuu. Lamu iko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta na mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo paka wetu hana likizo. Mimba huchukua siku 63 hivi, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Binti yake naye huweza kubeba akiwa na miezi 4 au 5 tu. Ndiyo maana kila mwaka nawasihi: tuwahasi madume na kuwafunga kizazi majike wakati wa kaskazi, kabla mvua hazijaanza. Paka akiwa bado chini ya dawa ya usingizi hukatwa ncha ya sikio iwe alama kuwa keshafanyiwa, ili asikamatwe tena bure.

Mtoto wa paka wa wiki ya kwanza hawezi kujipasha moto mwenyewe. Akiloa, hupoa upesi, na hapo ndipo huruma huua: mtu hukimbilia maziwa. Tumbo lililopoa halisagi chakula. Mtie kidole mdomoni. Ukihisi ubaridi, usimpe kitu. Mkaushe, mfunge kwa kanga pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu, umpashe polepole. Akishapata joto ndipo alishwe, akiwa amelala kifudifudi, kamwe si chali, maana maziwa huingia mapafuni. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Waulize madaktari wa mifugo maziwa maalumu ya paka.

Kwa wakubwa, mtungi wa mafuta wa lita 20 uliooshwa vizuri unatosha kuwa nyumba. Toboa mlango mdogo upande mmoja na matundu chini ya kutolea maji, uinue juu ya mawe, na mlango uupe kusi mgongo. Ndani weka nyasi kavu. Gunia na matambara hunywa maji, na paka akilalia unyevu ni afadhali angelala barazani. Chakula kisiwe wali mtupu: mwili wa paka unahitaji taurini, nayo hutoka kwenye nyama na samaki, basi changanyeni hata dagaa.

Mafua ya paka huvuma sana msimu huu: chafya, macho yaliyogandamana. Yafuteni kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Panadol msimpe, hata kipande. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Aliyeacha kula siku nzima aletwe siku hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha.