Uhandisi mitambo si kozi ya ufundi magari

Kijana akichaguliwa kusoma uhandisi mitambo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndugu huanza kumpigia simu gari likigoma. Watasubiri sana. Miaka 4 ile huishia zaidi kwenye hesabu, joto, vimiminika na uimara wa vyuma. Karakana ipo, ila kidogo. Ufundi wa magari hufundishwa VETA, vyuo vya ufundi stadi, na fundi mzoefu wa gereji atamwacha mhandisi mbali kwenye kufungua injini.

Ila mhandisi mpe shafti iliyokatika, ule mhimili wa chuma unaozunguka kwenye pampu. Atasoma mistari iliyopinda pale ilipokatikia, aone ufa ulianzia kwenye kona kali, shafti inapopungua unene ghafla, ukakua taratibu kadiri ilivyozunguka. Si lazima aagize nene zaidi: kona ikichongwa kwa mviringo, huenda ikatosha.