Je, wajua kwa nini ni vigumu kuhesabu watoto wasioona vizuri?

Mama wa Kawangware, mtaa wa Nairobi, aweza kugundua tatizo la macho ya mwanawe wakiwa kituoni, pale mtoto anapoambiwa asome nambari ya matatu inayokuja, naye akashindwa mpaka gari lisimame mbele yake. Kabla ya siku hiyo, karani wa takwimu angebisha hodi na kuuliza kama nyumbani kuna mtoto mwenye shida ya kuona, mama huyo angejibu kwa moyo mweupe kwamba hakuna.

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliuliza kuhusu ulemavu wa watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi kwa kutumia maswali mafupi ya Kundi la Washington, jopo la takwimu za ulemavu lililo chini ya Umoja wa Mataifa; maswali hayo hutaka ielezwe kama mtu anaona bila shida yoyote, kwa shida kiasi, kwa shida kubwa, au haoni kabisa, hata akivaa miwani. Swali hilo halina gharama kubwa, lakini la mtoto kwa kawaida hujibiwa na mzazi, na mtoto mwenyewe, ambaye hajapata kuona kwa namna nyingine, hudhani kwamba ubao wa darasani una ukungu kwa kila mtu. Nionavyo, takwimu za aina hiyo hupima kile ambacho wazazi wamekwisha kung'amua kuliko hali ya macho yenyewe.

Njia nyingine ni kupima. Utaratibu uliobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na kutumiwa kwanza Nepal, China na Chile, huwachagua watoto wa miaka 5 hadi 15, na hata asiyejua kusoma huonyesha kwa mkono upande ambao herufi E imeelekezwa. Kisha hutiwa matone ya kulegeza misuli ya jicho. Hatua hiyo huwachosha wapimaji na kuwaudhi watoto, ila haikwepeki, kwa maana lenzi ya mtoto ni laini na hujirekebisha kwa nguvu, hivi kwamba bila matone mtoto asiyeona vizuri vitu vya karibu aweza kuonekana mzima, na mwingine akaandikiwa miwani asiyoihitaji.

Upofu nao una hesabu yake. Uchunguzi wa haraka wa upofu hulenga watu wa miaka 50 na zaidi, ambao miongoni mwao upofu ni mwingi, ilhali kwa watoto hukadiriwa kuwa kati ya 0.3 na 1.5 kwa kila 1,000. Ukipita nyumba kwa nyumba na kupima watoto 3,000, huenda ukapata watatu tu. Ndiyo maana watafiti, kwa mfano nchini Bangladesh, waliwafunza watu wanaoijua mitaa yao wawataje watoto wanaoshukiwa kuwa na tatizo, kisha watoto hao wakaletwa kwa daktari wa macho athibitishe.