Mzigo mwepesi, nauli nzito

Kikapu cha ukindu, kile kipana cha kwendea sokoni, hakifiki hata kilo moja na nusu. Siku nilipopata mteja wa kwanza Ujerumani nilikipima nyumbani hapa Ngamiani, Tanga, nikapiga hesabu ya kilo mbili ili nisipunjike, nikamtajia bei, akalipa. Kufika kwenye ofisi ya vifurushi vya ndege, kijana wa dirishani hata mizani hakuigusa. Alichukua futi kama ya fundi cherehani, akapima sanduku: urefu sentimita 40, upana 40, kimo 30. Akabonyeza kikokotoo, akanigeuzia.

"Mama, huu mzigo wako ni kilo kumi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wengi wetu tunaouza mtandaoni kutoka Tanga tunaamini kwamba mzigo hulipiwa kwa kilo, basi. Ukweli ni kwamba ndege hujaa kabla haijalemewa, na sanduku la hewa linakula nafasi sawa na sanduku la misumari. Kwa hiyo kampuni za vifurushi vya haraka huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha nyingi hugawanya kwa 5,000. Sanduku langu lilitoa 48,000. Ukigawanya unapata 9.6, wakapandisha hadi nusu kilo inayofuata, ikawa 10. Wanalinganisha uzito wa mizani na huo wa hesabu, yaani uzito wa ujazo, na unalipia ule mkubwa. Mizigo ya kawaida ya ndege, isiyo vifurushi vya haraka, mara nyingi hugawanywa kwa 6,000, na hapo sanduku lilelile lingekuwa kilo 8. Ndiyo maana kuuliza "kilo moja shilingi ngapi?" hakusaidii kitu. Uliza wanagawanya kwa ngapi, na wanapandisha kwa nusu kilo au kilo nzima.

Bahati nzuri ukindu unakunjika. Sasa nakilaza kikapu, mikono naiingiza ndani, nakibana katikati ya makaratasi mawili magumu: 40 kwa 40 kwa 8. Hiyo ni 2.56, unalipia kilo 3. Mteja nimemwelekeza kukinyunyizia maji kidogo na kukijaza magazeti usiku mmoja, asubuhi kimesimama. Na akitaka vitano vya ukubwa tofauti navipachika kimoja ndani ya kingine; vinne vya ndani vinasafiri karibu bure, mradi uzito wa mizani haujapita ule wa ujazo.

Dhana ya pili ni ile ya kila mtu: basi ndiyo nafuu. Mimi mwenyewe sipitishi wiki bila kupeleka mzigo stendi ya Kange, sina ugomvi na mabasi. Lakini bei ya basi inaishia stendi. Tuseme ofisi ya basi imekuambia 5,000 kwenda Dar es Salaam. Boda kutoka nyumbani hadi Kange 2,000. Sanduku na tepu 1,500. Mzigo ukishuka kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis, mteja wako yuko Kigamboni, na huyo boda wa kutoka Mbezi hadi Kigamboni anaweza kutaka zaidi ya nauli iliyouleta mzigo kutoka Tanga. Ikiwa umetangaza "tunakuletea mpaka mlangoni", boda huyo ni wako. Ile kampuni iliyokutajia 12,000 mlango kwa mlango, ambayo uliiona ya wezi, huenda ndiyo nafuu.

Nayo uiulize: hiyo 12,000 ina VAT ndani? Kama haina, ongeza asilimia 18, inakuwa 14,160. Halafu kuna nyongeza ya mafuta, asilimia inayopanda na kushuka na bei ya mafuta. Kwa kampuni kubwa za kimataifa hubadilika kila mwezi, nyingine kila wiki. Bei uliyopewa Januari usiibandike kwenye tangazo la Juni.

"Nina stakabadhi, mzigo ukipotea watanilipa." Igeuze hiyo stakabadhi usome nyuma, yale maandishi ya mchwa. Mara nyingi utakuta kikomo cha fidia, au vitu vya kuvunjika viko kwa hasara ya mwenyewe. Mimi niliwahi kutuma chupa za mafuta ya nazi kwa gari, zikafika sanduku linanuka kama jikoni la harusi na chupa tatu tu nzima. Nilirudishiwa nauli. Mafuta nilijilipa mwenyewe. Bima ya mzigo ni kitu kingine, hununuliwa kando, na thamani ya mali huandikwa kabla sanduku halijaondoka. Kwa vikapu siichukui. Kwa iliki ya kutoka Amani, Usambara, naichukua, maana kilo chache tu ni mtaji wa mtu.

La "tuma na ya kutolea" nalipitia haraka kwa sababu kila mmoja anajua linavyouma: mteja anatuma bei kamili kwa simu, wewe unakwenda kuitoa kwa wakala, makato yanakula faida. Liweke kwenye bei tangu mwanzo.

Kisha kuna wanaosema Posta imekufa. Wanaosema hivyo wengi hawajaingia ofisini tangu barua za shule. Kifurushi kidogo cha posta ya kimataifa kinaruhusiwa hadi kilo 2, jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 90, na upande mmoja usizidi 60. Ukiwa ndani ya vipimo hivyo, kinachosema ni mizani. Kwa kikapu kilicholazwa hiyo ni neema: 40 na 40 na 8 ni 88. Kinachelewa, kweli, na mteja mwenye haraka usimdanganye. Viungo navyo ni mazao ya mimea: ulizia cheti cha afya ya mimea, kwa huku hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla hujafunga tepu. Gharama yake nayo ni ya usafirishaji, hata kama haiandikwi dirishani.

Iliyowagharimu wenzangu zaidi siku hizi ni ile ya "kitu kidogo hakitozwi kodi huko ng'ambo." Ilikuwa kweli kwa kiasi. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya euro 22 tarehe 1 Julai 2021. Marekani iliyokuwa ikipitisha bila ushuru vya hadi dola 800 ilisimamisha hilo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Sasa kampuni ikilipa ushuru kwa niaba ya mteja, inamdai ushuru na juu yake ada ya kumlipia. Asiyeambiwa mapema anakataa mzigo, na ada zile, pamoja na nauli ya kurudi, zinaweza kumgeukia mtumaji.

Hata hapa nchini kurudi si bure. Mteja wa Arusha aliagiza kikapu cha malipo baada ya kupokea, kikafika, simu yake ikazimwa siku nne. Nililipa kwenda, nikalipa kukaa stoo, nikalipa kurudi. Kilivyorudi kilikuwa na alama ya tairi ubavuni. Ndicho ninachokwenda nacho soko la Mgandini mpaka leo.