Ng'ombe hana kosa, kosa ni SQL yako

Wiki hii tena. Mteja ana mfumo wa wafugaji, ananiambia kijana wake wa kompyuta kawaagiza makarani waandike "ngombe" bila ritifaa (alama ya ') eti "ile alama inaua databesi". Mfumo wa mifugo usioweza kuandika ng'ombe jamani! Akina Ng'ang'a wamekuwa Nganga, na anayekaa Chang'ombe kahamishiwa Changombe.

Databesi haina ugomvi wowote na ritifaa. Ni wewe umeyabandika maneno ya mtu moja kwa moja kwenye kwoti za SQL (lugha ya kuiagiza databesi) ikawa 'Chang'ombe', SQL inaona stringi (maneno yaliyo ndani ya kwoti) imeishia Chang, halafu inakutana na ombe haijui ni mdudu gani, inagoma. Na kumkataza karani hakuzibi kitu, maana mwenye nia mbaya hatasoma tangazo lako ukutani, ataandika ' OR '1'='1 (sharti ambalo ni kweli siku zote) kwenye sehemu ya nywila na anaingia kama kwake.

Hapo kijana anajibu "basi naweka baksleshi (\) kabla ya ritifaa". Uwii. Databesi ya MySQL kwa kawaida inaikubali, ila SQL sanifu inataka ritifaa irudiwe, 'Chang''ombe', na databesi ya PostgreSQL tangu toleo 9.1 la mwaka 2011 inaiona baksleshi ni herufi tu kama nyingine. Lugha ya PHP nayo ilikuwa inajiwekea baksleshi yenyewe kwa magic_quotes, watu wakawa wanaprinti risiti za Ng\'ombe, mpaka ikang'olewa kabisa toleo 5.4 mwaka 2012. Tumia parameta bwana! Weka alama ya ? kwenye kuri (agizo la SQL), thamani itume pembeni, mtu aandike ritifaa hata kumi.

Kingine ninachoambiwa: "Kwoti moja (') na mbili (") ni kitu kimoja." Kwa lugha za Python na JavaScript sawa, ndo maana "ng'ombe" inapita bila baksleshi yoyote. PHP hapana, mbili zinasoma vigeu (majina yanayobeba thamani) vya ndani, moja hazisomi. Java na C, 'a' ni herufi si stringi. JSON, muundo wa kuandikia data, haitaki kwoti moja kabisa, usibishane nayo.

Na hii: "Nimekopi kodi vilevile ila inagoma." Umekopi toka Word, imezipinda kwoti zako zilizokuwa zimenyooka, kwa macho hutaona tofauti ila kompyuta inaona. Zifute uziandike upya ndani ya edita, kabla hujanipigia simu saa nne usiku.