Mpaka mtupu si anga huru

Mtu akinionyesha matokeo ya uigaji wa kompyuta wa uga wa umeme tuli, yaani nguvu inayoenea kuzunguka chaji zilizotulia, swali langu la kwanza ni hili: ukuta wa nje umeuwekea nini? Na jibu ninalolipata mara nyingi mno ni, "Pale sikuweka kitu, kwa hiyo ni anga huru," yaani nafasi wazi isiyo na ukuta wowote. Hapana. Katika mbinu ya elementi finiti, ile ya kukokotoa kwa kulikata eneo vipande vidogo, ukuta usiowekewa kitu ni ukuta kweli, na unausukuma uga urudi ndani.

Maana yenyewe ni fupi. Sharti la mpaka ni taarifa unayoipa programu kuhusu pembezoni mwa eneo inalolikokotoa. Programu hulikata eneo hilo vipande vidogo vidogo, aghalabu pembetatu au piramidi, ikatafuta volteji katika kila nodi, yaani kila pembe ya vipande hivyo, kisha ikapata uga kutokana na mteremko wa volteji. Wavu huo wa vipande una mwisho, uga hauna. Kwa hiyo pale wavu unapokatika lazima kitu kisemwe. Ama unataja volteji, na hilo ni sharti la Dirichlet, ama unataja kiasi cha uga kinachoupenya ukuta, na hilo ni sharti la Neumann.

Tatizo ni hilo la tatu ambalo watu hudhani lipo: kunyamaza. Mbinu hii haitatui mlinganyo wa Poisson, ule unaounganisha volteji na chaji, nukta kwa nukta. Huuzidisha kwa fankisheni za majaribio, huuchukulia integrali katika eneo zima, halafu huupanga upya ili derivativu ya pili isihitajike tena. Katika kuupanga upya huko hujitokeza integrali ya ziada inayopita juu ya mpaka peke yake, na ndani yake mna uga unaoupenya ukuta. Usipoijaza integrali hiyo, haibaki ikikungoja. Inahesabiwa sifuri, na sifuri ile ni sharti kamili la Neumann: hakuna mstari wa uga unaoruhusiwa kutoka. Wanahisabati huliita sharti asilia kwa sababu linajileta lenyewe, bila kuitwa. Nadhani hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa kitu cha asili husikika kama kitu kisicho na madhara.

Programu zenyewe hazifichi jambo hili. Mwongozo wa programu ya FEMM unasema wazi kwamba mpaka usiotajwa unachukua Neumann ya sifuri. COMSOL nayo huweka kwenye kuta za nje sharti la chaji sifuri kabla hujagusa chochote. Ni lile lile.

Jaribu tufe moja la chuma lenye nusu kipenyo cha sm 1, ulipe volti 1, ulizungushie hewa ndani ya tufe kubwa la sm 5, na ukuta huo wa nje uuache mtupu. Programu itakujibu kwamba volteji ni 1 kila mahali. Uga sifuri, chaji sifuri, kapasitansi (chaji inayobebwa kwa kila volti) sifuri. Haijakosea hata kidogo: umeifungia milango yote, mistari ya uga haina pa kwenda, basi haikuzaliwa. Ilhali tufe hilo likiwa peke yake angani lina kapasitansi ya pikofaradi (pF) 1.11.

Sasa upe ukuta ule ule volti 0. Unapata pF 1.39, yaani asilimia 25 zaidi ya ukweli. Usogeze hadi sm 10, inashuka kuwa 1.24, hadi sm 50, bado ni 1.14. Kosa linapungua polepole sana pale ambapo chaji zote ni za ishara moja. Ukiwa na elektrodi mbili zenye chaji zinazolingana na kupingana, mambo ni mepesi zaidi, kwani uga wao kwa mbali hufifia haraka. Na katika modeli ya vipimo viwili (2D) yenye chaji isiyosawazishwa usitarajie nafuu yoyote: kapasitansi ya waya mmoja itaendelea kushuka kuelekea sifuri kadiri unavyousogeza ukuta.

Hata hivyo mfano wa tufe hujitangaza, mtu huona sifuri akashtuka. Unaodanganya kimyakimya ni kapasita ya sahani mbili. Chukua sahani nyembamba za duara zenye nusu kipenyo cha sm 5, zilizoachana sm 1, hewa katikati. Ukilikata eneo la hewa sawasawa na kingo za sahani na kuuacha mpaka mtupu, utapata pF 6.95, ambayo ndiyo hasa inayotolewa na fomula ya kitabuni. Watu huona ulinganifu huo wakaamini modeli imethibitishwa. Lakini fomula ile inapuuza uga unaofura nje ya kingo, na ule mpaka mtupu nao umeuzuia usifure. Vyote viwili vimeacha kitu kimoja, ndiyo maana vinakubaliana. Sahani hizo zikiwa kwenye hewa wazi zina karibu pF 9.

Sisemi mpaka mtupu haufai. Kwenye uso wa ulinganifu, ule unaokigawa kifaa nusu mbili zinazofanana, ndipo mahali pake hasa: unatenda kama kioo, chaji iliyo mbele yake inapata pacha wa ishara ile ile nyuma, na hivyo unaweza kukokotoa nusu au robo tu ya kifaa bila kupoteza kitu. Pale pacha anapopaswa kuwa wa ishara iliyo kinyume, uso huo unataka volti 0.

Ukihitaji anga huru kweli, zipo njia: tabaka la elementi zisizo na kikomo zinazonyoosha umbali, badiliko la Kelvin linaloikunja nje yote ndani ya duara dogo, au sharti maalumu kama lile ambalo programu ya Elmer inalo kwa ajili ya uga unaofifia kwa mbali. Usipokuwa na mojawapo, kokotoa mara mbili, mara moja ukuta ukiwa mtupu na mara moja ukiwa na volti 0. Mradi volteji za elektrodi hazibadiliki na wavu ni laini wa kutosha, kapasitansi ya kweli iko kati ya majibu hayo mawili, kwa sababu ukuta mtupu unapunguza nishati ya uga na ukuta wa volti 0 unaiongeza. Yakikaribiana, eneo ulilolikata linatosha. Yakiachana, likuze.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeandika "mpaka wazi" kwenye ripoti, futa maneno hayo mawili tu. Andika kwamba uga unaoupenya ukuta wa nje ni sifuri, ukuta uko umbali gani kutoka kwenye elektrodi, na jibu lilisogea kwa kiasi gani ulipoupa volti 0.