Kuomba uzamili wa uchumi au fedha Kampala: transkripti yako inasomwaje

Msimu wa maombi ukianza, simu yangu hujaa swali moja: "Dokta, nina GPA (wastani wa alama) ya 2.7, watanichukua?" Nami hujibu kwa swali: ulisomea wapi?

Sharti la kawaida kwa uzamili hapa Uganda ni shahada ya kwanza yenye angalau daraja la pili la chini. Makerere daraja hilo huanzia 2.80 hadi 3.59 kati ya 5, na la juu huanzia 3.60. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam daraja la pili la chini huanzia 2.7. Kwa hiyo 2.7 ya Dar ni daraja la pili, lakini ya Makerere ni pasi tu. Mkenya yeye huja na asilimia: 50 hadi 59 ni la pili la chini, 60 hadi 69 la juu. Mwenzake wa Goma akileta 65 yake, Kongo wanahesabu ni kiwango cha kuridhisha tu, kwa kuwa sifa za juu kwao huanzia 70. Ndiyo maana jina la daraja lililoandikwa kwenye cheti chako lina uzito kuliko tarakimu tupu. Shahada ya nje hupelekwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda, NCHE, ilinganishwe na za hapa, na ukiwa na karatasi za Kifaransa zitafsiriwe Kiingereza na mtu anayetambulika. Anza mapema. Hapa ndipo watu wengi hukwama, wala si kwenye alama.

Wanaopitia maombi wakishamaliza kuangalia daraja, wanafungua transkripti, yaani orodha ya masomo na alama zako. Mimi nikisoma faili la mwombaji wa uchumi, kidole kinakwenda moja kwa moja kwenye hesabu, takwimu na ekonometriki (takwimu zikitumika kupima mambo ya uchumi). Mtu ana daraja la pili la juu, lakini hesabu ya mwaka wa kwanza ni D na takwimu aliirudia. Mwingine ana la chini, ila masomo hayo matatu yote ni B. Huyu wa pili ndiye ninayempigania kikaoni. Sababu ni ya kazi: MA ya uchumi ya Makerere imo katika mpango wa pamoja wa vyuo ulio chini ya AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi Afrika yenye makao Nairobi, iliyoanzishwa 1988, na msingi wa mpango huo ni uchumi mdogo (wa mtu na kampuni), uchumi mkubwa (wa nchi nzima) na mbinu za hesabu. Muhula wa kwanza utakutana na matrisi na kalkulasi kabla hujajua kantini iko wapi.

Upande wa fedha kuna nafasi zaidi. Aliyesoma biashara, uhasibu au hata uhandisi huweza kuingia, na zipo programu zinazompokea mwenye CPA au ACCA kamili, vyeti vya kitaalamu vya uhasibu. Lakini usidhani fedha ni kukwepa hesabu. Kupanga bei ya hati fungani ni hesabu tupu.

Mwenye pasi asikate tamaa, ila asidanganywe na madalali wa mitandaoni. Njia inayoeleweka ni stashahada ya uzamili katika fani hiyohiyo, ukaifanya vizuri, kisha ukaomba tena.

Nakala za vyeti, picha, ada ya maombi: hayo fuata tangazo la chuo chako, hubadilika. Barua za mapendekezo ndizo huharibiwa bure. Kuna wanaoleta barua ya mbunge au ya mchungaji, yenye muhuri mkubwa, ikisema kijana ni mwadilifu. Sina neno na uadilifu wake. Lakini barua ya aya mbili kutoka kwa mhadhiri aliyemfundisha takwimu, ikitaja mradi alioufanya na takwimu alizotumia, inanisaidia zaidi. Mwandikie mhadhiri huyo mwezi mzima kabla, mwambatishie transkripti, na umkumbushe ulikaa darasa la mwaka gani. Ana wanafunzi mamia. Bila hayo atakuandikia barua ileile aliyowaandikia wote.